Ufaransa kula mchana, Uingereza kula Jumapili

Ukishuka kwenye treni pale Gare du Nord, Paris, saa tisa alasiri ukiwa na njaa, migahawa mingi mizuri ya mitaani utaikuta imeshafunga jiko. Meza zipo, viti vipo, pengine mwenyewe yupo anapanga glasi, lakini chakula hakuna mpaka saa moja au moja na nusu usiku. Saa hiyohiyo London unakula unachotaka: biriani, tambi za Kichina, samaki na chipsi, sandwichi ya kutoka kwenye friji ya supamaketi. Ndugu na marafiki wanaponiuliza wapi kuna chakula kizuri zaidi kati ya nchi hizi mbili, huanzia hapo. Mimi nakaa Uingereza, mdogo wangu ameolewa Marseille na Mkomoro, na kwa miaka mingi tumekuwa tukivuka ile bahari nyembamba kutembeleana. Tukikutana tunakula, na tukila tunabishana.

Jibu langu huwa hili: Ufaransa fuata saa, Uingereza jua cha kuagiza. Kwa Wafaransa mlo una wakati wake, na mpishi mzuri huwasha jiko kwa wakati huo tu. Ukiheshimu saa zao utakula vizuri hata kama mfuko si mnene. Kwa Waingereza jiko liko wazi karibu mchana kutwa, ila ubora haujasambaa sawasawa. Kuna vitu wanavipika kwa ustadi mkubwa, na kuna vitu utavilipia pauni 20 ubaki unajiuliza hela imekwenda wapi.

Nianze na mchana wa Kifaransa, maana hapo ndipo msafiri wa kipato cha kawaida anaponufaika zaidi. Kuanzia saa sita hadi saa nane, nje ya mgahawa husimamishwa ubao ulioandikwa kwa chaki. Tafuta maandishi mawili: plat du jour, yaani chakula cha siku hiyo, na formule, fungu la vyakula viwili au vitatu kwa bei moja. Kwa formule unapata chakula cha kuanzia na kile kikuu, au kile kikuu na kitindamlo, na katika miji mingi bei huwa kati ya euro 15 na 20. Usiku jiko ni lilelile na mpishi ni yuleyule, lakini ubao umeondolewa, unachagua kimoja kimoja kutoka kwenye orodha, na bili inaweza kufika maradufu. Wageni wangu nawaambia pesa ya kula nje Ufaransa waitumie mchana.

Wanaoufanya mchana huo uwe mzuri ni wafanyakazi wa mji wenyewe. Kimsingi sheria ya kazi ya Ufaransa inamkataza mwajiri kuruhusu watu wale mahali wanapofanyia kazi. Mwaka 2021, wakati wa Uviko, ilibidi serikali iilegeze kwa muda ili watu waweze kula kwenye meza zao za ofisini. Juu ya hapo wafanyakazi wengi hupewa vocha za chakula, na mwajiri huchangia kati ya asilimia 50 na 60 ya thamani yake. Kwa hiyo saa sita na nusu unamkuta fundi bomba na ovaroli lake, karani wa benki na mwalimu, wamekaa meza za jirani wanakula kitu kimoja kutoka ubao mmoja. Mgahawa wenye wateja wa namna hiyo hauwezi kupika ovyo, kwa sababu kesho watu haohao ndio wanaotegemewa kurudi. Ukipita mahali saa sita na robo ukaona tayari pana wazee na mafundi, ingia, hata kama mapambo ni ya zamani na viti havilingani.

Ukiingia, salamu kwanza. Bonjour kabla ya neno lingine lolote, hata kabla ya kuuliza kama kuna nafasi. Kwa mtu aliyelelewa Tanga au Lamu hili halihitaji mafunzo, lakini nimewaona wageni wengi kutoka London wakiingia na swali moja kwa moja, kisha wanalalamika kwamba Wafaransa wana kiburi. Subiri uoneshwe meza. Ukikaa, meza ni yako mpaka utakapochoka. Bili haiji mpaka uiombe, kwani kukuletea bila kuombwa ni kama kukufukuza.

Acha nieleze mchana mmoja kwa ukaribu. Ilikuwa Ijumaa, Marseille, mgahawa mdogo wa mtaani karibu na soko la Noailles. Soko lenyewe ni la kutembelewa hata kama hununui kitu: muhogo, ndizi za kupika, bamia, samaki wakavu, viungo vya Waarabu wa Maghreb, yaani Afrika Kaskazini, vimejazwa kwenye magunia yaliyo wazi. Wakomoro ni wengi sana katika mji ule, na mtu wa Pwani akitega sikio kati ya vibanda atadaka neno hapa na pale. Kwenye ubao wa mgahawa paliandikwa aïoli, kwa kuwa katika eneo la Provence ndicho chakula cha Ijumaa mchana. Sahani ilipokuja ilikuwa na kipande kinene cha chewa wa chumvi, yaani cod, samaki wa bahari baridi, aliyerowekwa kutoa chumvi kisha akachemshwa taratibu. Pembeni viazi, karoti, maharage machanga ya kijani, yai la kuchemsha na konokono wa baharini. Kila kitu kimechemshwa! Kwa sisi tuliozoea nazi, ndimu na pilipili, macho ya kwanza yanaona chakula cha mgonjwa. Lakini katikati ya meza pana kibakuli cha kitunguu saumu kilichotwangwa na kupigwa na mafuta ya zeituni, tone baada ya tone, mpaka kikawa kizito na manjano hafifu. Unachovya samaki, unachovya karoti, ulimi unawaka, na unaelewa kwa nini vile vingine viliachwa bila viungo. Kazi ya vyote ni kukibeba kile kitunguu. Mkate uliwekwa kikapuni, ulipokwisha ukaletwa mwingine bila kuombwa wala kulipiwa. Maji yalikuwa ya jagi. Tulikaa saa moja na nusu, na mezani kwa jirani zetu watu wawili wa ofisini walikaa karibu muda huohuo kisha wakarudi kazini. Shemeji yangu, ambaye hagusi nguruwe wala divai, alimaliza kila kitu na kupangusa sahani kwa mkate.

Sasa tazama upande wa pili wa bahari, Ijumaa hiyohiyo. Waingereza nao wanakula samaki, na mara nyingi ni chewa yuleyule. Desturi zote mbili zimetoka kwenye mfungo wa Kikristo wa kutokula nyama siku ya Ijumaa. Lakini huku samaki amevikwa rojo la unga, amezamishwa kwenye mafuta mengi ya moto, amewekwa juu ya chipsi nene, akanyunyiziwa chumvi na siki, akafungwa kwenye karatasi. Unatoka naye nje, unamla umesimama ukiangalia bahari, au unakimbia naye nyumbani kabla hajapoa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali iliweka mgawo kwenye nyama, siagi, sukari na mengine mengi, lakini samaki na chipsi haikuwagusa, na nadhani hilo ni sehemu ya sababu watu wa huku wanakipenda chakula hiki kwa mapenzi yasiyo na hoja.

Ushauri wangu juu yake ni mkali kidogo. Nunua kwenye duka linalokaanga kwa oda, hata kama utasubiri dakika kumi. Samaki aliyekaa kwenye kabati la kioo lenye taa ya joto amelowa jasho lake, usimnunue. Kula palepale. Usiagize samaki na chipsi kwenye hoteli ya vitambaa vya meza katikati ya London, maana utalipa bei kubwa zaidi na hutapata kitu bora kuliko cha duka la pembeni mwa bahari. Ukiwa kaskazini, hasa Yorkshire, samaki wao wa kawaida ni haddock, ndugu wa chewa, na maduka mengi hukaangia kwenye mafuta ya ng'ombe. Yana ladha nzuri sana, ila Mwislamu anayekula halali tu, Mhindu, au asiyekula nyama aulize kabla. Aulize pia kama rojo la unga limechanganywa na bia, kwa sababu wengine hufanya hivyo.

Jumapili ndiyo siku ya Uingereza kujitetea mezani. Nenda kwenye pabu, ile baa ya mtaani yenye mbao nyeusi na zulia, kati ya saa sita na saa tisa mchana, ule nyama ya kuokwa. Ng'ombe, kondoo au kuku aliyekaa kwenye oveni muda mrefu, viazi vilivyookwa kwenye mafuta mpaka vikapasuka ngozi, karoti, kabichi, na juu yake mchuzi mzito wa maji ya nyama yenyewe. Kwa ng'ombe huja Yorkshire pudding, ambayo si tamu licha ya jina: ni unga wa ngano, mayai na maziwa, humiminwa kwenye mafuta yanayofuka moshi, unaumuka kwa ghafla na kubaki na shimo katikati. Shimo hilo ndilo la kujaza mchuzi. Kwa ng'ombe omba pia horseradish, mzizi mkali uliosagwa, unaopanda puani kuliko pilipili yetu. London sahani hii inaweza kufika pauni 18 hadi 25, na hutahitaji kula tena mpaka usiku sana.

Utaratibu wa pabu unawachanganya wageni, kwa hiyo shika haya. Pabu nyingi mhudumu haji mezani. Unatafuta meza, unakariri namba yake, unakwenda kaunta kuagiza na kulipa hapohapo, kisha unarudi kukaa. Mkiwa kundi, mmoja hununua vinywaji vya wote, raundi inayofuata ananunua mwingine, na ukikwepa zamu yako watu watakumbuka. Unaweza kunywa soda au chai bila mtu kukushangaa. Jumapili weka nafasi mapema kwa simu au mtandaoni, kwa sababu nyama huokwa kwa kiasi na ikiisha imeisha. Siku za kawaida uliza jiko linafungwa saa ngapi: baa inaweza kuwa wazi hadi saa tano usiku huku mpishi ameshaondoka saa tatu. Pabu zenye jiko la maana zilianza kujulikana baada ya The Eagle, ya Farringdon Road, London, kufungua mwaka 1991 na kuanza kupika kwa moyo ndani ya baa ya kawaida, na leo karibu kila mji una angalau moja ya aina hiyo.

Asubuhi pia Uingereza inashinda, tena bila mashindano. Mfaransa huamka na kahawa, mkate, siagi na jemu, au kruasanti, basi. Mwingereza akiamua kula asubuhi unawekewa mayai, soseji, bekoni, maharage ya nyanya, uyoga, nyanya ya kukaangwa, mkate wa kuchoma na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa. Usiile hotelini unapolala. Tafuta mkahawa mdogo wa mtaani wenye vioo vyenye mvuke na madereva wa malori, ambapo chupa za sosi ziko mezani tangu asubuhi. London mashariki na Birmingham kuna mikahawa inayotengeneza sahani hiyohiyo kwa soseji za ng'ombe na vipande vya bata mzinga badala ya kitimoto, na kila kitu ni halali.

Halafu kuna jambo ambalo Mfaransa hawezi kunishinda hata tukibishana hadi asubuhi: Uingereza imewaachia wahamiaji jiko lake. Mwaka 2001 Robin Cook, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, alisema hadharani kwamba kuku wa tikka masala ni chakula cha taifa cha kweli cha Waingereza, na hakukosea sana. Migahawa mingi inayoitwa ya Kihindi imeendeshwa na watu wa Sylhet, Bangladesh. Lakini kwa msomaji wa Afrika Mashariki mimi napendekeza Leicester, na London upande wa Wembley na Harrow. Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda mwaka 1972, zaidi ya 27,000 walikuja Uingereza. Halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaomba wasiende huko. Walikwenda hata hivyo, wakaungana na wenzao waliotoka Kenya, na Belgrave Road ikawa barabara ya maduka ya dhahabu, nguo na vyakula. Leo kwenye migahawa ya watu hawa unakuta mogo, ambao ni muhogo wetu, umekaangwa na kupakwa pilipili na ukwaju. Unakuta mishikaki. Unakuta kuku paka wa nazi, kama wa Mombasa. Mama yangu alipokuja kunitembelea nilimpeleka huko siku ya pili, na alimuuliza mhudumu mzee swali kwa Kiswahili, akajibiwa kwa Kiswahili cha Kampala.

Ufaransa nayo ina wahamiaji na chakula chao ni kitamu. Kuskusi ya Maghreb wameikubali kama yao, na mtaa wa Château Rouge huko Paris utakupa wali wa samaki wa Kisenegali na kisamvu cha Wakongo, wenyewe wakiita pondu. Lakini nionavyo, vyakula hivi kwa sehemu kubwa vimebaki kwenye mitaa yake, wakati Uingereza hata pabu ya kijijini inaweza kuwa na kari kwenye orodha.

Kwa nini Waingereza walihitaji msaada huo wa wahamiaji, sababu ninayoiamini ni ya historia. Walihamia mijini mapema mno: sensa ya 1851 ilikuta zaidi ya nusu ya watu wa England na Wales wanaishi mijini, wakati Ufaransa ilifika hapo takribani 1931. Vizazi vingi vya Waingereza viliishi mbali na shamba, bustani na bibi wa kuwafundisha. Kisha ukaja mgawo wa chakula, ulioanza 1940 na kumalizika Julai 1954. Mkate haukugawiwa wakati wa vita lakini uligawiwa baada yake, kuanzia 1946 hadi 1948. Maziwa karibu yote ya jibini yalielekezwa kwenye aina moja ya cheddar ya serikali, na watengenezaji wengi wa jibini za mashambani hawakufungua tena. Mtoto aliyezaliwa mwaka vita vilipoanza alikuwa na miaka karibu 15 alipoona nyama ikiuzwa bila kadi. Watu wanaowacheka Waingereza kwa chakula kibaya wanasahau hilo, na mimi sipendi kicheko hicho.

Kilichofuata ni kazi ya subira, na Wafaransa wamo. Albert na Michel Roux, ndugu wawili, walifungua Le Gavroche London mwaka 1967. Mwaka 1982 ukawa mgahawa wa kwanza Uingereza kupata nyota tatu za Michelin, kile kitabu cha Kifaransa kinachopima migahawa, na wapishi wengi wa Kiingereza wanaotajwa leo walipitia jiko lile kabla halijafungwa Januari 2024. Jibini nazo zimerudi. Ukifika London nenda Borough Market, uonje Stilton au cheddar iliyofungwa kwa kitambaa, kisha uniambie kama ni chini ya Comté ya Wafaransa.

Ufaransa isikupumbaze kwa sifa zake. UNESCO iliuweka mlo wao wa sherehe kwenye orodha ya urithi mwaka 2010, na baguette, ule mkate wao mrefu, mwaka 2022, lakini migahawa inayopasha moto vyakula vilivyoletwa na lori ipo, na imejaa zaidi penye watalii. Tangu 2014 kuna alama ya kisheria ya fait maison, kichoro cha sufuria yenye paa la nyumba, inayowekwa kwenye chakula kilichopikwa hapohapo kutokana na malighafi. Orodha yenye lugha sita, picha za sahani na vyakula hamsini naikimbia. Bouillabaisse, ile supu ya samaki ya Marseille, ina mkataba uliosainiwa na wenye migahawa mwaka 1980 unaotaja samaki gani waingie. Ikitengenezwa kwa haki ni ghali sana, kwa hiyo ukiiona ya euro 20 bandarini, agiza kitu kingine.

Jioni, kwa kuwa pesa ya kula nje umeshaitumia mchana, kula mkate. Tangu 1998 sheria inataka duka linalojiita boulangerie liwe linakanda na kuoka mkate wake palepale. Ukifika kaunta omba tradition, wala si baguette ya kawaida. Agizo la serikali la 1993 linakataza kuitia tradition viongezeo, na tofauti ya bei ni senti chache. Ongeza jibini, nyanya na zabibu kutoka sokoni, kaeni kwenye benchi la bustani. Na kama umeshuka Gare du Nord saa tisa na njaa yako, tembea au panda metro hadi mgahawa wa Bouillon Chartier, mtaa wa Faubourg Montmartre. Upo tangu 1896, haufungi jiko alasiri, bei zake ni ndogo kwa Paris, na mhudumu huandika oda yako kwenye karatasi iliyotandikwa mezani. Foleni ni ndefu lakini inakwenda.

Kwa wasiokula nguruwe na wasiotumia pombe, Ufaransa inahitaji macho zaidi. Vipande vidogo vya nguruwe, lardons, huwekwa kwenye saladi, dengu na quiche bila mtu kuona kwamba ni jambo la kukutajia. Divai huingia kwenye mchuzi wa ng'ombe, kome wa kuchemsha, hata mchuzi mweupe wa siagi unaomwagiwa samaki. Shemeji huagiza samaki wa meunière, aliyekaangwa kwa siagi na ndimu, au aïoli, au hutafuta bucha na migahawa ya halali ambayo Marseille ni mingi. Kwa nyama yoyote ya kuchoma, jua kwamba à point ya Mfaransa, yaani ya kuiva wastani, ina wekundu katikati. Sema bien cuit, yaani iive kabisa. Mhudumu anaweza kukunja uso, mwache akunje.

Wenye watoto, shuleni Ufaransa watoto hula mlo wa hatua kadhaa na jibini ndani yake, na mgahawani wanatarajiwa kukaa. Kwa kawaida hawadonoidonoi kutwa, wana kitafunio cha saa kumi jioni, basi. Uingereza karibu kila mahali pana orodha ya watoto yenye kuku wa vipande na chipsi. Mimi ninaomba nusu ya sahani ya wakubwa, na pabu nyingi hukubali.

Sasa bili. Maji ya bomba ni bure nchi zote mbili ukiyaomba: Ufaransa sema une carafe d'eau, Uingereza mahali popote penye leseni ya pombe panalazimika kukupa. Ukisema "maji" tu unaweza kuletewa chupa ya kulipia. Kwenye mikahawa ya Ufaransa kahawa ya kaunta mara nyingi ni rahisi kuliko ya meza ya nje, na bei zote mbili huandikwa ukutani. Usafi Uingereza unausoma mlangoni kwenye kibandiko cha kijani chenye namba kutoka 0 hadi 5. Wales kukibandika ni lazima, England ni hiari, na mimi napita nikiona chini ya 4.

Bakshishi Ufaransa si deni, kwani tangu 1987 bei inayooneshwa lazima iwe imeshajumuisha huduma. Acha sarafu moja mbili kama ulifurahi. Pabu ukiagiza kaunta huachi kitu. Kwenye migahawa ya London utakuta asilimia 12.5 imeongezwa chini ya bili kama malipo ya huduma. Ni ya hiari. Tangu Oktoba 2024 sheria inataka pesa hiyo yote iwafikie wafanyakazi, kwa hiyo mimi huilipa nikihudumiwa vizuri, na nikihudumiwa vibaya huomba kwa upole iondolewe, na huondolewa bila maswali. Kuwa macho na mashine ya kadi: zingine hukuuliza tena kama unataka kuongeza bakshishi. Kama asilimia ile imeshaandikwa kwenye bili, bonyeza hapana, maana umeshalipa.